Mlango wa Amboni unafunguka ovyo: jibu kwa mwalimu anayeandikia watoto

*Swali: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Tanga. Naandika hadithi ya watoto watatu, Mwanaidi, Mbwana na Hoza, wanaoingia Mapango ya Amboni na kutokea zama nyingine. Sura ya pili wako kwenye vita vya 1914, ya nne wako na Wareno, ya sita wako na dinosaria, na ya nane wanagundua nchi ya majini chini ya pango. Nikiwasomea wanafunzi, sura mbili za mwanzo wanatulia tuli, kuanzia ya tatu wanaanza kuchokozana. Nimekutumia sura zote nane. Tatizo ni lugha yangu, au ni safari zenyewe? Majini niwaondoe? Na ramani mwanzoni mwa kitabu inafaa?*

Marahaba, Mwalimu. Lugha yako haina neno. Ule ukurasa ambapo Hoza anabishana na konda juu ya nauli ya mwanafunzi mpaka daladala zima linaingilia ungeweza kwenda kiwandani kuchapwa kesho.

Tatizo ni mlango. Mlango wako unafunguka kila unapouhitaji. Risasi zikizidi, watoto wanakimbilia pangoni na kutokea kwingine. Dinosaria akiwafukuza, pango liko hapo hapo. Mtoto wa miaka kumi na moja hachelewi kung'amua kwamba hakuna atakayeachwa nyuma, hakuna atakayechelewa, na kwamba mwandishi ameshika ufunguo mfukoni. Akishang'amua hivyo, kumchokoza jirani kunakuwa na utamu kuliko hadithi.

Ngano tulizolelewa nazo hazikufanya hivyo. Vyumba sita ruhusa, cha saba marufuku. Hakuna msikilizaji anayeuliza nani kaweka marufuku hayo na kwa nini. Anauliza tu kitafunguliwa lini na kitatoka nini. Mlango wako unahitaji masharti, na ningependa masharti hayo yawe ya Tanga, kitu ambacho mwanafunzi wako anaweza kukihesabu mwenyewe kwa vidole akiwa amekaa kwenye dawati. Nitakuonyesha moja linalofaa, lakini kwanza tupunguze safari.

Dinosaria waondoke. Mifupa mikubwa iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 ilitoka Tendaguru, huko Lindi, si kwenu. Tena chokaa ya Amboni ni mashapo ya bahari ya zama za Jurasiki, umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 150 hivi. Ukiwarudisha watoto nyuma kiasi hicho hawatokei msituni, wanatokea chini ya maji, na hadithi inaishia hapo kwa sababu ya wazi. Kama unataka kiumbe wa kale, Tanga mnaye aliye hai: samaki aitwaye silikanti. Wataalamu waliamini ametoweka pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini 1938, na tangu miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wenu wamekuwa wakimkuta kwenye majarife wanayotega kina kirefu kwa ajili ya papa. Hifadhi yake ya bahari ilitangazwa 2009. Mchana hujificha ndani ya mapango yaliyo chini ya bahari, usiku hutoka kuwinda. Mpe ukurasa mmoja sokoni, amelazwa juu ya turubai, watu wamemzunguka na hakuna anayejua bei yake. Zaidi ya hapo anastahili kitabu chake.

Vita vya Novemba 1914 navyo ningevitunza kwa kitabu kingine. Najua kwa nini umevipenda: Waingereza wanashuka na watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, dhidi ya watetezi wapatao 1,000, halafu nyuki wanachokozwa na milio ya bunduki na kuwashambulia watu bila kuuliza sare. Darasa litacheka sana. Lakini baada ya nyuki unabaki na maiti, na watoto wako watatu hawana la kufanya pale isipokuwa kutazama. Nimesoma sura hiyo mara mbili nikitafuta tendo moja la Mwanaidi. Anatazama, anashangaa, anashika mdomo. Na usidhani karne ya 19 ingekuwa rahisi zaidi: ukienda huko, Pangani iko jirani, na misafara ya watumwa huwezi kuizunguka kwa sababu tu kitabu ni cha watoto.

Wanabaki Wareno, na hapo, Mwalimu, umekalia dhahabu bila kujua.

Sura yako ya nne inasema "meli kubwa ya Wareno ilionekana." Meli ipi? Mapema Aprili 1498, kabla ya alfajiri, meli ya São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu mbele ya Mtangata, pale pale Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa mji wenu. Maji yakakupwa, ikabaki imekaa kavu. Watu wa pwani wakaijia kwa vyombo viwili vidogo, kimoja kimejaa machungwa, na mwandishi wa shajara ya safari ile akakiri kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. (Wanafunzi wenye ndugu Muheza watataka usome sentensi hiyo mara ya pili.) Maji yalipojaa, meli ikaelea, wakaendelea Mombasa.

Miezi tisa baadaye, Januari 1499, wakirudi kutoka India, walitia nanga mahali pale pale. Safari hii mabaharia wengi walikwisha kufa, waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Wakahamisha mizigo kwenye zile mbili, kisha wakaichoma São Rafael. Wakiwa hapo, watu wa mji wakawaletea kuku wengi kubadilishana na mashati na bangili.

Meli ile ile, fungu lile lile: mara ya kwanza inakwama, mara ya pili inaungua. Mwandishi hapewi mfupa wa hadithi ulionyooka hivyo kila siku.

Sasa tazama mwezi. Hesabu tarehe zile kwa Hijria: meli ilikwama Shaabani ya mwaka 903 ikikaribia nusu, yaani mwezi u karibu kuwa mpevu. Ilichomwa mfungo nane (Jumada ya kwanza) wa mwaka 904 ukiisha, yaani mwezi mwandamo uko mlangoni. Kila mtoto aliyewahi kwenda na bibi yake kuchokoa pweza anajua siku hizo ni siku za nini. Ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Mara zote mbili.

Hilo ndilo sharti la mlango wako. Unafunguka maji ya bamvua yanapokupwa kabisa, na unafungwa maji yanaporudi. Huhitaji mganga wala hirizi wala kioo kinachong'aa. Mwezi na jua vikivuta kwa mstari mmoja, bahari inakwenda mbali kuliko kawaida, na kitu fulani cha mikokoni ambacho siku nyingine kiko chini ya maji kinaonekana: ngazi tatu za mawe ya matumbawe, tuseme, zinazoshuka kwenye tope bila kuelekea popote. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na ngazi hazionekani hata upige magoti ukaomba. Pwani yetu siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne asubuhi, Mwalimu, ni kengele ya uji. Nadhani sihitaji kukueleza mtihani watakaokuwa nao watoto wako watatu siku bamvua itakapoangukia Jumatano.

Faida ya sharti hili ni kwamba mwezi ndio saa pekee inayotumika pande zote mbili za mlango. Mtu wa Tongoni wa 1498 hana saa ya mkononi, ana adhuhuri, ana alasiri, na ana maji. Na kwa kuwa mwezi wake wa kalenda unaanza na mwandamo, akijua tarehe anajua na bamvua: mwanzo wa mwezi na katikati yake. Mwanaidi akiambiwa "leo kumi na tatu Shaabani" anaweza kukokotoa mlango utakuwa wazi mpaka lini, na darasa lako litakokotoa pamoja naye. Huko ndiko kuwashika.

Halafu weka bei. Huku kwetu, kutoka mwezi mpevu hadi mwandamo unaofuata ni wiki mbili hivi. Kule, kutoka bamvua ya kwanza ya hadithi hadi ya pili ni miezi tisa. Basi iwe hivyo: anayekosa maji anasubiri bamvua ijayo, na wiki mbili za Tanga ni miezi tisa ya Tongoni. Mbwana, ambaye katika rasimu yako kazi yake ni kuogopa na kula, ndiye akose maji. Amesimama kwenye tope anatazama ile meli iliyokaa kavu, machungwa mawili mikononi, wenzake wanamwita, na maji yako magotini. Nyumbani ni wiki mbili za mama kulia, polisi kuja na kwenda, na Hoza kushindwa kusema ukweli kwa sababu ukweli wenyewe hausemeki. Wanapovuka tena, wanamkuta mvulana aliyerefuka, ngozi imekomazwa na jua, anaongea kwa lafudhi ya kale, na ana marafiki wasiowajua. Anafurahi kuwaona, lakini si furaha waliyoitarajia. Sura hiyo usiiandike haraka.

Unaniuliza, na Amboni je? Jina la kitabu ni lake. Nakuelewa, lakini kila mtoto wa Tanga amekwisha kusimuliwa kwamba pango lile linatokea Mombasa, au Kilimanjaro. Mlango unaojulikana na wote haufichi chochote. Uchunguzi wa 1994 ulitambua mapango kumi, na watalii hutembezwa moja tu. Tumia hayo tisa mengine kuwapoteza wasomaji. Sura ya kwanza watoto waende Amboni kwa ziara ya shule, Mbwana atoroke na tochi akitafuta njia ya Kilimanjaro, aambulie popo na kukemewa na kiongozi wa ziara. Mlango wa kweli wauone baadaye, Tongoni kwa bibi yake Mwanaidi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuwaambia watafute. Pale pana magofu ya msikiti na makaburi kama 40, mengine ya nguzo, nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Nenda nao wanafunzi kama shule itakuruhusu, kwenye maji makupwa.

Miezi tisa ya Mbwana itakulazimisha kujua anakula nini, na hapa waandishi wengi huteleza. Hakuna ugali wa mahindi kule. Hakuna mhogo, karanga, nyanya, pilipili hoho wala kichaa, papai, nanasi, pera wala korosho. Vyote hivyo asili yake ni bara la Amerika, na mwaka 1498 bado havijafika pwani yetu. Kuna mtama, mawele, wali, nazi, samaki, kuku, na yale machungwa. Nyumba za wenye uwezo ni za matumbawe na chokaa, zimeezekwa juu ya boriti za mikoko. Wengine wanaishi kwenye nyumba za udongo na makuti. Katika sura yako ya nne mama mmoja wa Tongoni anawakaribisha watoto kwa mihogo ya kukaanga na kachumbari. Mama huyo ametangulia wakati kuliko watoto wenyewe.

Ila kosa hilo linaweza kuwa chanzo cha kisa. Mfukoni mwa Mbwana ziwe punje za mahindi. Zisiwe za hindi la kuchoma, maana hizo hazioti. Ziwe mbegu alizotumwa na baba yake dukani akasahau kuzikabidhi. Vuli huanza Oktoba. Mvulana mwenye njaa ya ugali, mbegu mfukoni, mvua juu, na miezi mitatu bado mbele yake: unajua atafanya nini. Na sasa Mwanaidi, akirudi na kukuta shamba dogo la mahindi nyuma ya nyumba ya mwaka 1499, anaelewa kitu ambacho Mbwana hajakielewa.

Hapo lazima uamue, na uamue kabla hujaandika tena hata mstari: je, yaliyopita yanabadilika? Waandishi wa watoto hupenda yabadilike, kwa sababu inasisimua. Mimi nasema yasibadilike. Lolote watoto watakalofanya kule liwe lilikwisha kufanyika tangu awali, nao hawakujua tu. Yakibadilika utalazimika kueleza kila kitu kilichogeuka Tanga ya leo, na utaishia kwenye mihadhara. Yasipobadilika unapata vichekesho na uchungu kwa pamoja. Mahindi yale yaliwe na mbuzi wa jirani siku moja kabla ya kuvunwa, mpaka mabua. Mbwana alie kweli kweli.

Na kwa sheria hiyo hiyo unaweza kutega kitendawili. Katika magofu ya pwani yetu, Kilwa kwa mfano, kuna kuta zenye michoro ya vyombo vya bahari iliyokwaruzwa kwenye chokaa na watu wa zamani. Buni wa kwako kule Tongoni, na katika neno la mwisho la kitabu useme wazi kwamba ni wa kubuni. Sura za mwanzo, mtembeza wageni anawaonyesha watoto mchoro wa chombo cha ajabu, duara mbili na mtu juu yake, anasema labda ni jahazi lililochorwa na mtu asiyejua kuchora. Karibu na mwisho, rafiki wa Mbwana wa kule kale anakaa na msumari mbele ya chokaa mbichi, anamwambia: nieleze tena hiyo bodaboda.

Kuna jambo zito moja usilikwepe. Mwanaidi amesoma historia. Anajua kwamba 1505 Wareno watarudi na mizinga, watapora Kilwa na kuichoma Mombasa. Anasimama ufukweni Januari 1499 anatazama São Rafael ikiungua, na msichana wa Tongoni aliyebadilisha kuku wawili kwa shati anamuuliza, "Hawa watarudi tena?" Sitakuambia ajibu nini. Nakuomba tu usimtumie jini kumwokoa na swali hilo. Hoza naye anaweza kupata lake: mabaharia wale walikuwa na kiseyeye, fizi zimevimba, na siku chache kabla, kule Malindi, waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao. Mtoto wa darasa la tano amefundishwa habari za vitamini C. Anajua kitu ambacho nahodha wao hakijui kwa jina, na hana namna ya kukieleza akaeleweka, zaidi ya kuwasogezea kapu.

Hivyo nimekwisha kukujibu kuhusu majini. Si suala la imani tu, ingawa darasa lako lina watoto wa misikitini na wa makanisani na wazazi wao wote watakisoma kitabu. Nchi ya majini ni ajabu ya pili, na kitabu kifupi kinabeba ajabu moja. Tongoni ya 1498 ndiyo nchi yako iliyofichika. Kama bibi yake Mwanaidi anaamini kuna mzimu mikokoni na huacha ubani pale, muache aamini, ndivyo bibi walivyo. Hadithi isimthibitishe wala isimbeze.

Sura zako ni ndefu mno kwa kusoma darasani. Maneno 1,200 hivi yanatosha, na kila moja ikatike maji yakiwa yanapanda.

Ramani, ndiyo, tena ziwe mbili. Ya kwanza Tanga ya leo, mpaka Amboni na barabara ya Pangani. Ya pili pwani ile ile kwa jicho la 1498: Mtangata, mafungu, mikoko, na nyuma kabisa milima ya Usambara, ambayo Wareno waliipa jina la meli yao iliyokwama. Mwambie mchoraji asiweke reli kwenye hiyo ya pili, ujenzi wake ulianza 1893, wala mashamba ya mkonge, ambao nao uliletwa mwaka huo huo. Na kwenye zote mbili achore mwezi pembeni: mpevu kwenye moja, mwandamo kwenye nyingine, bila maelezo.